Shajara Mbili

Kijitabu cha kwanza cha ualimu nilicholetewa kilikuwa namba nane. Namba moja kilifika miezi mitatu baadaye, kimelowa, pamoja na namba tano viwili vinavyofanana. Nilivipanga juu ya sanduku langu kwa mfuatano wa namba, nikiacha nafasi kwa vilivyopungua, na kila vilipoletwa vingine nilijaza nafasi. Namba sita hakikufika kamwe. Kilihusu mbinu za kufundisha hisabati katika mazingira ya mtoto, na somo nililopewa kufundisha lilikuwa hisabati.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Serikali ilikuwa imetaka kila mtoto aingie shule, na watoto waliokuja walikuwa wengi kuliko walimu waliokuwapo. Kwa hiyo tulichukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukaingizwa moja kwa moja darasani. Asubuhi ulifundisha, mchana ulisoma vijitabu na kusikiliza kipindi cha redio, mara moja kwa wiki mkufunzi wa kata aliwakusanya wanachuo wote wa eneo lake. Baada ya miaka mitatu ulifanya mtihani, na ukifaulu ulikuwa mwalimu wa daraja la tatu C. Watu walituita walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wenye mdomo walieleza kwamba maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu.

Mimi nilipendekezwa na mkutano wa kijiji chetu, upande wa Ganako, kwa sababu nilikuwa nimefundisha kisomo cha watu wazima kwa miaka miwili. Baba alisimama mbele ya mkutano akasema, "Mchukueni. Huyu hata mbuzi wakiingia zizini anawahesabu mara mbili, na mbuzi wenyewe ni watano." Watu walicheka, nikachukuliwa. Nilipangiwa shule iliyokuwa mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani, upande wa Endabash, nikapewa darasa la kwanza. Mwaka wa tatu wa mafunzo, ambao ndio ninaousimulia, nilikuwa na darasa la tatu, watoto arobaini na wanne.

Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa mlezi wangu wa kazi. Yeye ndiye aliyesaini kumbukumbu zangu, na yeye ndiye aliyetakiwa kujaza fomu ya mapendekezo bila ambayo mwanachuo hafanyi mtihani. Sikuwahi kumwona akimpiga mtoto. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata wakati wa tope. Alifundisha kilimo darasa la saba, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyemjua. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hayapunguzi kitu.

Shamba la shule lilikuwa nyuma ya madarasa, kwenye mteremko. Chini yake, bila ua wala mfereji katikati, lilikuwa shamba la mwalimu mkuu. Mpaka ulikuwa mawe matatu ambayo kila mtu mzima aliyajua. Katika mteremko kama ule matuta hukata mteremko ili mvua isichukue udongo. Mwalimu mkuu aliwafundisha darasa la saba jambo hilo na kuwachorea. Lakini matuta ya shule yetu yalishuka na mteremko. Yalianza juu ukutani mwa darasa, yakapita kwenye yale mawe, yakaishia chini kabisa, mwisho wa shamba lake. Kila masika udongo mwekundu ulishuka nayo, na kila mwaka yalilimwa vilevile.

Mtoto aliyepelekwa kupalilia hakuambiwa akalime shamba la mwalimu mkuu. Alipewa tuta. Aliambiwa amalize tuta lake. Niliyapima kwa hatua siku moja ya Jumapili: hatua sitini za shule, hatua mia moja na kumi za mwalimu mkuu. Kazi hiyo iliitwa kujitegemea. Ilianza kipindi cha tatu, ambacho kwenye ratiba ya darasa langu kilikuwa hisabati, na iliendelea mpaka tuta liishe.

Kijitabu namba tatu kilieleza jinsi ya kuweka shajara ya somo. Hilo ni daftari ambalo mwalimu anaandika kila siku mada, kilichofundishwa, na maoni yake. Mlezi wake huisaini mwisho wa wiki. Kijitabu kilieleza, kwa maneno mengi, kwamba mwalimu aandike yaliyotendeka na si yale aliyokusudia kutenda. Nilikisoma mara mbili. Kisha nikaandika. *Kipindi cha tatu na cha nne. Mada: kugawanya. Hakikufundishwa. Darasa lilikuwa linapalilia, juu mpaka chini.* Wiki iliyofuata niliandika hivyohivyo mara mbili. Wakati wa kuvuna maharage niliandika wiki nzima.

Shuleni tulikuwa wanachuo wawili. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa hapohapo, mwepesi wa maneno, aliyefundisha darasa la kwanza. Siku moja alisoma shajara yangu nikiwa nakata vijiti vya kuhesabia.

"Kaka, hii ni shajara au unamfungulia mtu kesi?"

"Nimeandika kilichotokea."

"Kilichotokea kinajulikana. Hata ng'ombe wanaopita hapa kwenda mtoni wanakijua. Shajara ni ya kuandika kilichotakiwa." Alinionyesha ya kwake. Ilikuwa Jumatatu na alikuwa ameshajaza mpaka Ijumaa. "Mimi Ijumaa ikija inanikuta nimeshapumzika."

"Na mkufunzi akiwauliza watoto?"

"Wangu? Wakiulizwa kama wameelewa wanaitika ndiyo mpaka mbwa wa jirani wanabweka."

Nilicheka, lakini sikubadilisha. Kila Ijumaa saa saba mchana nilipeleka shajara ofisini kwa mwalimu mkuu, nikasimama mbele ya meza. Kila Ijumaa alifungua ukurasa, akasaini, akanirudishia, akanitakia mapumziko mema. Kwa wiki ishirini na mbili niliamini kwamba alisoma. Niliamini kwamba ni mtu anayekubali kuambiwa kweli na mdogo wake, kwamba hana budi kuvuna lakini hataki kuficha. Nilimheshimu kwa hilo. Niliwaza kwamba nami nikiwa mwalimu mkuu siku moja nitasaini hivyo.

Mkufunzi alikuja mwezi wa nane, wakati wa ile baridi ya ukungu, kwa pikipiki. Alikuja kutathmini somo langu la mwisho kabla ya mtihani. Alikaa nyuma ya darasa na karatasi zake gotini. Nilikuwa nimeandaa kugawanya themanini na nne kwa nne, kwa punje za maharage, watoto wakiwa katika makundi. Zana zilikuwa tayari, andalio la somo lilikuwa safi. Watoto hawakuweza. Mikono mitatu ilinyooshwa, miwili kati yake ya watoto waliotaka ruhusa ya kutoka. Binti mmoja mrefu alikuja ubaoni, akaandika namba zote vizuri, akachora mstari, akasimama akiutazama mstari mpaka nikamwambia akae.

Tulipotoka nje mkufunzi aliniuliza tukiwa ukutani, kwenye jua kidogo lililokuwapo.

"Azimio lako la kazi linasema wiki hii ni visehemu. Hawa hawawezi kugawa nane kwa mbili. Tangu Februari umekuwa ukifanya nini?"

Nilimpa shajara. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya tofali. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, akaja mbele tena.

"Nani alikuambia uandike hivi?"

"Kijitabu namba tatu, mkufunzi."

"Na saini hizi?"

"Za mwalimu mkuu. Anasaini kila Ijumaa."

"Anasoma?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ndipo nikaikumbuka kalamu yake. Haikuwahi kusimama. Ilitoka kwenye kidau cha wino mezani, ikasaini, ikarudi.

"Hasomi," nilisema.

Mkufunzi alicheka kwa pua. "Mtu amekiri kwa mkono wake mara ishirini na mbili kwamba watoto wanamlimia," alisema, "na hajui." Kisha aliacha kucheka, akafunga shajara, akaiweka kwapani na kuelekea ofisini. Mimi, mjinga, nilidhani anakwenda kuwatetea watoto.

Yeye na mwalimu mkuu walikuwa wamesoma chuo kimoja, hilo sikulijua. Chai ilipelekwa, kisha viazi vilivyochemshwa. Nilikaa darasani na watoto wangu kipindi kizima kabla sijaitwa.

"Kaa, mwanangu," alisema mwalimu mkuu. Shajara yangu ilikuwa mbele yake, na kando yake fomu yangu ya mapendekezo, haijajazwa. Mkufunzi alikuwa anamenya kiazi.

"Fomu hii inatakiwa wilayani wiki ijayo," alisema mwalimu mkuu. "Isipofika, hufanyi mtihani. Miaka yako mitatu inakuwa miaka mitatu ya kuzunguka na chaki mfukoni."

"Mwalimu mkuu, niliandika kweli."

"Sijasema ni uongo. Nasema ni kazi mbaya. Mwalimu hodari angefundisha kugawanya hukohuko shambani. Matuta yapo, watoto wapo. Gawanya. Hiyo si hesabu?"

"Hilo la mazingira lipo kwenye kijitabu namba sita," alisema mkufunzi.

"Namba sita sikuletewa."

"Basi tatizo limeonekana," alisema mkufunzi, akala kiazi.

Nimerudia mazungumzo haya kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia somo lolote, na nimepata majibu mazuri zaidi ya kumi. Siku ile niliitazama fomu yangu. Mwalimu mkuu alifungua kabati, akatoa daftari jipya lenye mhuri wa shule, akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili kama mtu anayempa mtoto zawadi.

"Andika upya. Mimi nitasaini upya. Hatutalizungumza tena."

"Jumatatu nitapita kuchukua shajara," alisema mkufunzi. "Moja. Mbili zitanichanganya."

Nilikwenda kwa mwenzangu. Sikutaka ushauri, nilitaka mtu wa kukasirika pamoja nami. Alikuwa anachambua mboga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ukikataa," aliuliza, "wale watoto watagawanya?"

"Hapana."

"Na atakayeletwa badala yako ataandika nini?"

Alinipa kalamu yake ya bluu iliyokuwa imekaribia kwisha, kwa sababu shajara ya wiki ishirini na mbili haiwezi kuwa ya wino mmoja. Hilo sikuwa nimeliwaza. Yeye aliliwaza papo hapo.

Niliandika Jumamosi na Jumapili, mchana, ndani ya darasa tupu, na ibadani sikwenda. Nilitumia kalamu tatu. Wiki za masika niliziandika na vidole vyenye unyevu kidogo ili karatasi ijikunje. Jalada nililisugua sakafuni. Kila kipindi kilichokuwa cha shamba nilikipa somo lake: kugawanya bila baki, kugawanya kwa baki, mafumbo ya kugawanya. Niliandika kwamba wengi walielewa. Wiki ya tano niliandika kwamba watoto sita hawakuelewa na nimewapa mazoezi ya ziada, kwa sababu shajara isiyo na shida yoyote haiaminiki. Nikawachagua hao sita kwa majina, watoto halisi waliokaa mbele yangu kila siku, nikawaandikia maendeleo. Wiki ya saba wanne walikuwa wameelewa. Wiki ya tisa wote. Nilipomaliza niliisoma toka mwanzo na nikaona kwamba nilikuwa na kipaji cha kazi hiyo. Hakuna kitu nilichojifunza katika miaka mitatu ile nilichokifanya vizuri kama hicho.

Jumatatu mwalimu mkuu alisaini. Safari hii alisoma. Alisoma kila mstari, kidole kikishuka pembeni mwa ukurasa, nami nilisimama mbele ya meza kama Ijumaa zote. Kidole kilisimama mahali pamoja.

"Hapa umefundisha kugawanya kwa baki," alisema. "Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Shule ilifungwa."

Nilikata mstari ule, nikaandika sikukuu.

"Uwe makini," alisema, na hakuwa anatania.

Kwa hiyo alijua kusoma shajara. Alijua kuisoma kwa makini kuliko mkufunzi, kuliko mimi niliyeiandika. Wiki zote zile angeweza. Shamba niliweza kulielewa. Mshahara wa mwalimu na njaa ya nyumba yake nilivijua. Lakini kwamba nilimwambia kweli kila wiki na haikuwa na uzito wa kumfanya ashushe macho, halafu uongo ukapewa macho yake yote mawili na kidole juu yake, hilo sijamsamehe, na ninaandika nikiwa mtu wa makamo. Shajara ya zamani aliichukua. Sijui aliipeleka wapi.

Nilifanya mtihani. Swali moja la insha lilitaka mwanachuo aeleze jinsi mafunzo yalivyomkuza katika taaluma yake. Nilijaza kurasa mbili na nusu. Nilifaulu, na katika ripoti ya mkufunzi paliandikwa kwamba kumbukumbu zangu za kazi ni za mfano. Halikuwa neno la bure: shajara ile ilipelekwa kwenye mkutano wa wanachuo wapya wa kata, ikapitishwa mkono kwa mkono, na mimi nikaombwa nisimame niwaeleze naiwekaje. Nilisimama nikawaeleza. Mwenzangu, ambaye naye alikuwa amefaulu, alikaa mstari wa mbele akinitazama bila kupepesa, na sikuweza kumwangalia.

Januari nilipewa darasa lilelile, sasa la nne. Azimio la darasa la nne lilianza na kugawanya kwa namba yenye tarakimu mbili. Niliwapa nane kwa mbili. Wengi waliandika kumi. Niliandika katika azimio kwamba narudi nyuma, nikalipeleka ofisini, na likarudishwa siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba mada hiyo ilikamilishwa mwaka jana kwa mujibu wa shajara ya mwalimu mwenyewe.

Nilianza kuwafundisha alfajiri. Niliwaambia wenye kuweza waje saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kuhesabiwa namba mstarini na kufanya usafi. Walikuja kumi na wawili, kisha kumi na saba, wamejifunika mashuka, wakipuliza vidole. Hao walianza kugawanya. Nilifurahi kwa muda wa wiki tatu hivi, mpaka mama mmoja alipokuja na kusimama mlangoni. Alikuwa mama wa yule binti mrefu. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani kwetu, habari za mvua za kwetu, kisha akasema alichokuja kusema.

"Mwalimu, mwanangu anatoka nyumbani kabla ya jua. Anafika saa moja na nusu. Akifika mmeshagawanya."

"Ndiyo, mama."

"Nami jirani zangu wananiuliza kwa nini wao wa karibu wanafundishwa mara mbili. Niwajibu nini?"

Nilimwambia nitarekebisha. Muda uliobaki ulikuwa mmoja tu, ule wa matuta. Jumatano iliyofuata, kipindi cha tatu, kengele ya shamba ilipogongwa sikuwatoa. Madarasa mengine yalitoka na majembe. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni.

"Mwalimu, darasa lako linasubiriwa."

"Halijamaliza, mwalimu mkuu."

"Limebakiza nini?"

"Darasa la tatu."

Watoto walinitazama mimi, wakamtazama yeye. Alitabasamu, akaondoka. Sikuwatoa siku ile, wala Alhamisi, wala wiki mbili zilizofuata, na kila siku niliandika katika shajara kilichofundishwa. Yule binti alianza kuelewa siku ya sita. Alikuwa na tabia ya kusema hesabu kwa sauti kwa Kiiraqw kwanza, kisha kuiandika kwa Kiswahili, nami nilimwacha, ingawa kanuni ilikataza.

Barua ya uhamisho ilikuja mwanzoni mwa wiki ya nne. Ilisema nahamishwa kwa manufaa ya huduma kwenda shule moja ya mbali upande wa Loliondo, niripoti kwanza Wasso, ndani ya siku saba. Mwalimu mkuu alikuwa ameambatisha maoni yake: kwamba ni mwalimu mwenye bidii, na kwamba shule za wafugaji zinahitaji watu wa aina yangu. Nilipiga hesabu ya darasa kabla sijaondoka. Kati ya arobaini na wanne, ishirini na mmoja waliweza kugawanya bila msaada. Niliandika majina ya ishirini na watatu waliobaki katika karatasi nikampa mwenzangu. Aliipokea, akaikunja, akaniambia, "Kaka, nitajaribu, lakini unajua nimepewa darasa la kwanza na la pili pamoja."

Lori la kunipeleka lilipita asubuhi kipindi cha tatu. Nilisimama barabarani na sanduku langu, na kutoka pale shamba lote lilionekana, juu mpaka chini. Darasa la nne lilikuwa kwenye matuta, limeshapita yale mawe. Nilimwona yule binti kwa urefu wake. Dereva alipiga honi mara mbili. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa, na sikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu mwaka mzima uliotangulia nilikuwa nimesimama juu ya shamba lile na fimbo ya kuonyeshea ubaoni mkononi, nikiwafundisha kwamba mtu hainui kichwa mpaka tuta liishe.